Mwongozo kamili wa kubadilisha simu na kurudisha laini bila kulipa mara mbili

Malalamiko yanayotufikia kuhusu simu iliyopotea, iliyoibwa au iliyoharibika yanafanana mno. Laini imerudishwa lakini pesa zilizomo hazipatikani. Wakala amedai malipo ambayo hakuyaeleza. Huduma kwa wateja imemtaka mteja asubiri saa 24, na zilipokwisha ikamtaka asubiri nyingine. Simu mpya imenunuliwa kwa bei nzuri kisha ikajifunga.

Sehemu kubwa ya hasara hizo huzaliwa na mpangilio mbaya. Mtu hukimbilia dukani kununua simu kabla ya kufunga laini, au hurudisha laini kabla ya kuandikisha tukio polisi, na kila anapofika dirishani huambiwa arudi na karatasi aliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo. Fuata hatua zilizo hapa kwa mfuatano wake. Zimeandikwa kwa mtumiaji aliyeko Tanzania. Kama simu yako ya zamani ingali mkononi na unataka tu kuibadilisha, anza na hatua ya 5.

## Vitu vya kuandaa

- Namba ya NIDA, yenye tarakimu 20. Kama huikumbuki, hupatikana pia kupitia menyu ya huduma za Serikali ya *152*00#. Mgeni atumie pasipoti aliyosajilia laini.
- Mwenye laini mwenyewe, kwa kuwa alama za vidole zitahitajika. Barua ya kumtuma mdogo wako haitasaidia.
- Namba ya IMEI ya simu iliyopotea, yaani namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, yenye tarakimu 15. Hupatikana kwenye boksi la simu na mara nyingi kwenye risiti. Boksi likiwa limetupwa, ingia kwenye akaunti yako ya Google au Apple, ambako orodha ya vifaa vyako huionyesha.
- Kumbukumbu za matumizi ya laini: namba tatu hadi tano unazozipigia mara kwa mara, siku uliyoongeza salio mara ya mwisho na kiasi chake, muamala wako wa mwisho, na kiasi cha pesa unachokadiria kuwa kimebaki.
- Simu ya kuazima yenye laini ya mtandao uleule. Sababu yake utaiona katika hatua ya 1.
- Fedha taslimu kidogo. Wengi husahau kwamba pesa zao zote zimo ndani ya laini waliyoipoteza, wakafika dukani bila hata nauli ya kurudia.
- Daftari na kalamu. Kila mhudumu utakayezungumza naye ataandikwa humo: jina, tarehe, saa na namba ya kumbukumbu aliyokupa.

## Hatua ya 1: Funga pesa na laini mara moja

Piga 100 kwa simu uliyoazima. Namba hiyo ndiyo ya huduma kwa wateja katika mitandao ya simu nchini, na hapo ndipo wengi hupoteza saa nzima: ukiipiga kutoka kwenye laini ya mtandao mwingine, utampata mhudumu wa mtandao huo mwingine, ambaye hana mamlaka yoyote juu ya laini yako.

Omba mambo mawili na uyataje moja moja: laini ifungwe, na akaunti ya pesa ya simu isimamishwe. Usichukulie kwamba la kwanza limebeba la pili. Mwombe mhudumu athibitishe yote mawili kwa kauli yake, kisha akupe namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyoitoa.

Haraka hii ina sababu. Mwizi hahitaji kujua nywila ya simu yako ili akudhuru, kwa kuwa anaweza kuitoa kadi, akaiweka kwenye kitochi chochote, na kuanzia hapo ujumbe wote wenye namba za uthibitisho kutoka benki, Google na WhatsApp ukawa unamfikia yeye. Akibahatisha namba ya siri, na wengi wetu huweka mwaka wa kuzaliwa, anaweza pia kukopa kupitia huduma za mikopo ya papo kwa papo, na deni likabaki kwa jina lako.

Baada ya hapo pigia benki yako kwa namba iliyochapwa nyuma ya kadi ya benki, uombe huduma za benki kwa simu zizuiwe kwenye namba hiyo.

Kisha ifunge simu yenyewe ukiwa mbali. Kwa simu za Android ingia google.com/android/find, na kwa iPhone ingia icloud.com/find. Chagua kuifunga na uweke ujumbe wenye namba ya kupigiwa. Usikimbilie kufuta kila kitu kwenye simu ya Android, kwa sababu ikishafutwa hutaweza tena kuitafuta kwa njia hiyo. Na usiiondoe iPhone kwenye akaunti yako hata ukitumiwa ujumbe unaojifanya umetoka Apple na kukutaka ufanye hivyo. Ukiiondoa, kizuizi pekee kinachomsumbua mwizi kinakuwa kimeondoka.

Tahadhari: Google inaweza kukudai namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye laini ileile uliyoipoteza. Ikitokea, usijaribu mara nyingi mfululizo, maana akaunti inaweza kukuzuia. Subiri hadi laini irudi. Ukimaliza, toka kabisa kwenye akaunti katika simu ya watu.

Dalili ya mafanikio: Ukiipigia laini yako utasikia kwamba haipatikani, lakini hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa simu iliyozimwa hujibu vivyo hivyo. Ushahidi ni uthibitisho wa mhudumu na namba ya kumbukumbu iliyomo daftarini mwako. Kufunga laini hakulipiwi. Yeyote atakayekudai pesa kwa ajili hiyo si mhudumu.

## Hatua ya 2: Pata karatasi sahihi ya polisi

Kuna njia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowarudisha watu nyumbani mikono mitupu.

Kama simu imepotea, yaani uliiacha kwenye daladala au ilidondoka na hujui ilipo, unahitaji taarifa ya upotevu wa mali. Hii huombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Jeshi la Polisi au kituoni, na ada yake hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Ada hiyo haipitii mkononi mwa mtu. Ukiambiwa utoe taslimu bila kupewa namba ya malipo, omba namba ya malipo.

Kama simu imeibwa au umeporwa, nenda kituoni, utoe maelezo na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo. Kufungua taarifa ya uhalifu ni bure. Usiandikishe wizi kama upotevu kwa kuona kwamba ndiyo njia fupi: taarifa ya upotevu haianzishi upelelezi wowote, na simu ikipatikana kwa mtu, utakuwa umeshaandika mwenyewe kwamba hukuibiwa.

Hakikisha IMEI na namba ya laini vimeandikwa katika karatasi hiyo. Soma tarakimu zote 15 moja baada ya nyingine pamoja na anayeandika. Tarakimu moja ikikosewa, karatasi hiyo inahusu simu ya mtu mwingine.

## Hatua ya 3: Rudisha laini

Hii ndiyo hatua yenye malalamiko mengi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mahali pa kwenda. Chagua duka rasmi la huduma kwa wateja la kampuni yako kuliko kijana aliyekaa chini ya mwavuli. Simaanishi kwamba vijana hao wote ni matapeli. Wengi wanafanya kazi halali na wametusaidia sana mitaani. Ila dukani kuna risiti, kuna msimamizi wa kumlalamikia, na kuna meza ileile utakayoirudia kesho kama pesa haitafunguka. Uliza ada kabla ya kuweka kidole: “Kurudisha laini ni shilingi ngapi, na napata risiti?” Kiasi kinapaswa kuwa kidogo, nacho ni cha kadi na huduma ya kuibadilisha. Usajili wenyewe haulipiwi.

Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa mwezi Januari 2020, laini ni ya yule ambaye vidole vyake viliisajili, hata kama wewe ndiye umeitumia miaka yote. Ikiwa ilisajiliwa na mume, dada au mwajiri wako, mtu huyo ndiye atakayefika dukani. Hakuna mhudumu anayeweza kulivuka hilo kihalali, na anayejitolea kulivuka kwa “hela ya soda” ndiye anayewavukisha pia wanaoiba laini za watu. Mwenye laini akishafika, mwombe mmalize na suala la umiliki, ili usimsumbue tena siku nyingine.

Maswali ya uthibitisho. Utaulizwa namba ulizopigia karibuni, salio au muamala wa mwisho. Hapa ndipo kumbukumbu ulizoandaa zinapofanya kazi. Kosa la kawaida ni kukisia. Ukikisia vibaya mara mbili, mhudumu ana haki ya kukutilia shaka. Ni afadhali kusema hulikumbuki hilo na kuomba swali jingine.

Vidole visivyosomeka. Wakulima, mafundi ujenzi na akina mama wanaofua sana hukwama hapa. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe vizuri, ujaribu kidole kingine na kile cha mkono wa pili kabla ya kukata tamaa. Ikishindikana kabisa, uliza utaratibu wa mteja ambaye alama zake hazisomi, na uombe majibu ya msimamizi badala ya ya mhudumu wa kwanza.

Tahadhari kubwa. Kuna mchezo mmoja unaofanyika waziwazi. Wakala anakuwekea kifaa mbele yako, unaweka dole gumba, anatikisa kichwa na kusema, “Haijasoma, rudia.” Unarudia. “Mtandao unasumbua leo, weka cha shahada.” Kwako ni mtandao mbovu, kumbe kila kidole kilichosomeka kimesajili laini mpya kwa jina lako, nayo itauzwa kwa mtu wa ile “pesa tuma kwenye namba hii.” Kila unapoweka kidole, omba uone kioo cha kifaa na namba inayoshughulikiwa. Anayekataa kukuonyesha, ondoka.

Kabla ya kuondoka dukani, weka kadi mpya kwenye simu yoyote, hata ya kuazima, na ufanye majaribio haya papo hapo:

1. Subiri mtandao usome, kisha mpigie mtu na umwombe akupigie. Kadi ikichelewa kuamka, zima simu na uiwashe tena.
2. Piga *106#, ufuate menyu hadi uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, omba hapohapo ifutwe.
3. Fungua menyu ya pesa: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, zamani Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, au *150*88# kwa HaloPesa. Ikikataa, uliza kama akaunti ingali imesimamishwa kutokana na ombi lako la hatua ya 1. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya: laini imefunguliwa na dawati moja, pesa zimefungwa na dawati jingine.
4. Badilisha namba ya siri mwenyewe, ukiwa umeikinga kwa mkono. Mhudumu hapaswi kuijua wala kukuchagulia.

Salio, bando na pesa havikupotea na kadi, kwa kuwa viko kwenye mitambo ya kampuni. Vinarudi pamoja na laini. Majina yaliyohifadhiwa kwenye kadi ya zamani ndiyo yasiyorudi, na hakuna wakala anayeweza kukurudishia majina hayo, awe amelipwa kiasi gani. Kama uliyahifadhi kwenye akaunti ya Google au Apple, utayakuta hatua ya 6.

Kuna pia kipindi cha kungoja. Baadhi ya benki huzuia huduma zake kwa simu pale zinapogundua kwamba kadi ya laini imebadilishwa. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu unaokulinda, kwa sababu ndiyo njia ya kumnasa anayerudisha laini ya mtu mwingine kwa hila. Nenda tawini na kitambulisho au pigia benki, na ueleze kwamba umebadilisha kadi mwenyewe.

Dalili ya mafanikio: Unapiga na kupigiwa, menyu ya pesa inaonyesha salio, orodha ya *106# ina namba unazozijua tu, na una risiti mkononi.

Siku chache baadaye unaweza kupigiwa na mtu anayejitambulisha kama huduma kwa wateja, akisema anataka “kukamilisha urudishaji wa laini.” Hakuna kinachokamilishwa kwa kutaja namba ya siri. Kata simu, na ikiwa ni ujumbe, uutume pamoja na namba iliyoutuma kwenda 15040.

## Hatua ya 4: Ifungie simu iliyopotea isitumike tena

Kufunga laini hakuifungi simu. Mwizi ataweka laini yake na kuendelea. Peleka karatasi ya polisi na IMEI kwa kampuni yako ya simu, uombe kifaa kizuiwe. Ombi hilo hupelekwa kwenye rejista kuu ya utambulisho wa vifaa inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na simu ikishawekwa humo huzuiwa kwenye mitandao yote ya nchini, si mmoja tu. Simu yenye laini mbili ina IMEI mbili, kwa hiyo toa zote.

Fanya hivi baada ya kukata tamaa ya kuipata, au baada ya kushauriana na askari anayeshughulikia RB yako, maana simu iliyozuiwa haifuatiliki kirahisi. Ikipatikana baadaye, utahitaji kurudi kuomba ifunguliwe, ukiwa na karatasi zilezile.

Kama simu ilikuwa ya mkopo, mjulishe mkopeshaji kwa maandishi siku hiyohiyo. Kupotea kwa simu hakufuti deni, lakini taarifa ya mapema hukupa nafasi ya kuuliza kama mkataba una bima. Wengi wana bima hiyo bila kujua, wakiilipia ndani ya marejesho ya kila siku.

## Hatua ya 5: Nunua simu nyingine

Uwe Aggrey pale Kariakoo, Makumbusho au duka la mkoani, kazi ni moja: kuikagua kabla ya kutoa pesa.

Iwashe simu, upige *#06#, kisha ulinganishe tarakimu zinazotokea kiooni na zilizochapwa kwenye boksi. Zikitofautiana, boksi na simu havikuzaliwa pamoja. Tuma IMEI hiyo kwenda 15090, usome majibu yanayotaja aina ya simu. Ukishika Samsung na majibu yakataja jina jingine, hiyo ni simu iliyobadilishwa utambulisho, jambo ambalo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Simu bandia zilizimwa nchini mwezi Juni 2016, na bado watu hununua simu ambazo IMEI yake ina mashaka kwa sababu ya punguzo.

Kwa simu iliyotumika, ongeza vipimo viwili. Kwanza, ingia kwenye mipangilio na uhakikishe hakuna akaunti ya Google au Apple ya mtu mwingine. Muuzaji airejeshe simu katika hali ya kiwandani mbele yako, na muisubiri iwake hadi mwanzo; ikidai nywila ya mtu wa awali, hiyo ina loki, na ahadi ya kwamba “fundi ataitoa” ni gharama yako ya pili. Pili, hakikisha si simu ya mkopo ambayo haijamalizwa kulipwa. Simu za namna hiyo hufanya kazi vizuri dukani, kisha hujifunga marejesho yanapochelewa, kwa deni la mtu usiyemjua.

Kuhusu simu mpya za mkopo, sina tatizo nazo, ila zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, uongeze kianzio, halafu ulinganishe na bei ya taslimu ya simu hiyohiyo. Fanya hesabu hiyo kabla ya kusaini; ukiifanya baada ya hapo haikusaidii kitu.

Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye aina ya simu, na mwombe muuzaji aandike IMEI kwenye karatasi ya dhamana pamoja na muda wake na anayehusika kuitengeneza. Dhamana ya mdomo hudumu hadi mlangoni. Muuzaji anayekupa bei mbili, moja ya bila risiti, anakuuzia pia upweke siku simu itakapoharibika.

Unapohamisha laini kutoka simu ya zamani isiyopotea, huenda huhitaji kadi mpya. Kadi nyingi hukatika kwa mikono katika ukubwa wa aina tatu, kwa hiyo itazame kwanza kabla ya kukubali kubadilishiwa kwa ada. Kadi ya zamani sana ya ukubwa mmoja inaweza kukatwa na fundi, lakini chuma kikiguswa imekufa. Hiyo ni bora kuibadilisha, hasa kama pia haisomi 4G.

## Hatua ya 6: Rudisha akaunti na mazungumzo

Anza na laini ndani ya simu, kisha Google au Apple, kisha WhatsApp. Ukibadilisha mfuatano huu, utajikuta unaombwa kurejesha nakala iliyomo kwenye akaunti ambayo hujaiingiza bado.

Ukiingia kwenye akaunti ileile uliyokuwa ukiitumia, majina yaliyohifadhiwa humo yatashuka yenyewe. Ukitengeneza akaunti mpya kwa sababu umesahau nywila ya zamani, hutayaona. Tumia namba yako ya simu, ambayo sasa inapokea ujumbe, kuirejesha ya zamani.

WhatsApp itakutumia namba ya tarakimu sita. Ukiiingiza, WhatsApp iliyokuwa kwenye simu iliyopotea hutoka yenyewe. Programu itakapouliza kama urejeshe nakala ya mazungumzo, kubali wakati huohuo, ukiwa kwenye intaneti isiyokula bando lako, kwa sababu ukiruka hapo itakubidi kuiondoa programu na kuisakinisha upya. Mtu akikuomba namba hizo sita, hata akiwa ni rafiki anayesema zimetumwa kwako kimakosa, usimpe: akaunti ya rafiki huyo ndiyo imeshaibiwa, na yako inafuata.

Ikidai namba ya hatua ya pili ambayo huikumbuki na hukuweka barua pepe, utangoja siku 7. Hakuna wa kumlipa ili zipungue.

Ukiuza au kumpa mtu simu ya zamani, ondoa kwanza akaunti zako kwenye mipangilio, ndipo uifute. Ukiifuta bila kuziondoa, mnunuzi anaweza kukutana na loki na akakurudia.

## Hatua ya 7: Huduma kwa wateja inapogoma

Simu ya 100 ni nzuri kwa dharura, lakini haifai kwa mgogoro. Kila unapopiga unampata mtu mpya, unaeleza upya, na unaambiwa usubiri. Baada ya ahadi ya kwanza kupita bila kutimizwa, hamia kwenye maandishi: barua pepe ya kampuni, au barua iliyopokelewa kwa muhuri dukani. Andika kwa ufupi, kwa mfano:

*“Mimi ni mmiliki wa laini namba ….. Tarehe … nilirudishiwa laini hii katika duka lenu la … na kulipa shilingi … kwa risiti namba …. Tangu siku hiyo akaunti yangu ya pesa haifunguki, na huonyesha ujumbe usemao ‘…’. Nilipiga 100 tarehe … saa …, nikapewa namba ya kumbukumbu …. Naomba akaunti ifunguliwe. Na kama kuna sababu ya kuizuia, naomba nielezwe kwa maandishi pamoja na tarehe itakapofunguliwa.”*

Barua hii haina hasira wala historia ya uaminifu wako kwa kampuni. Ina jambo moja, ushahidi, na ombi linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au kwa sababu. Mhudumu akikujibu kwamba “tatizo linashughulikiwa,” uliza swali moja tu: nani analishughulikia, na hadi lini? Kama una malalamiko mawili, kwa mfano ada iliyozidi na pesa zilizozuiwa, yaandike katika barua mbili, kwa kuwa yakichanganywa, dogo hujibiwa na kubwa hufungwa nalo.

Kampuni isipojibu au ikijibu usiyoridhika nayo, ngazi ya juu hutegemea aina ya tatizo:

- Laini, usajili, ada ya huduma au kifaa kilichozuiwa: TCRA, ambayo mbali na makao makuu yake Dar es Salaam ina ofisi za kanda, zikiwamo za Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma na Zanzibar. Ukihitaji ushauri wa haki zako kabla ya kuandika, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano.
- Pesa zilizomo kwenye akaunti ya simu: Benki Kuu ya Tanzania, kwa kuwa watoa huduma za pesa za simu wanasimamiwa chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Wengi hupeleka suala hili TCRA na kupoteza muda.
- Muuzaji aliyekuuzia simu bandia au aliyekataa dhamana: Tume ya Ushindani. Kama amekunyima risiti, TRA nao wanahusika.
- Kitambulisho au alama zako kutumika kusajili laini usizozijua: kampuni husika na polisi kwanza, kisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022.

Taasisi hizi zitakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa mtoa huduma, na usipoweza kuonyesha hilo utarudishwa huko. Ambatanisha nakala ya barua yako ya awali, jibu ulilopata, risiti, karatasi ya polisi na ukurasa wa daftari wenye majina, tarehe na namba za kumbukumbu. Peleka nakala, baki na karatasi halisi, na unapokabidhi omba mpokeaji agonge muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala yako.